Wanaodunda na Wanaoogelea

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Mpambanuzi alikunywa kikombe cha kwanza cha siku. Mrija wake, mwembamba kuliko unywele, ulizama katika maji ya bomba ukafyonza, na ndani ya tumbo lake la kioo maji yale yakagawanywa vyumba laki moja, kila chumba na mpangaji wake mmoja. Kisha akaanza kuwasoma. Alimfungua kila kiumbe, akasoma maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kiini chake tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, akatafuta jamaa zake katika Sajili ya Uhai, iliyoandika kila chenye uhai, watu nao wakiwemo, halafu akamtundika kwenye tawi lake la mti wa nasaba. Kazi ambayo zamani ilimchukua mtu maisha yake yote, yeye aliimaliza kabla chai haijapoa.

Viumbe wenyewe walikuwa wa seli moja. Hao ni watu wa ajabu. Hawana mdomo na wanakula, hawana miguu na wanakwenda, hawana jicho na wanajua mwanga uko wapi. Wataalamu wa zamani, walipokutana na kidudu ambacho si mnyama, si mmea wala si ukungu, walikitupa kwenye kapu moja na vingine vyote wakaendelea na mambo yao. Dakta Salima Mghenyi alikuwa ametumia miaka kumi na tisa kulimwaga kapu hilo na kuwapanga upya waliomo, kila mmoja kwa babu zake. Mpambanuzi alikuwa wake. Alimbuni yeye, akamlea yeye.

Jiji lilimhitaji sana. Singida wakati huo ilikuwa na watu milioni mbili, mapangaboi ya umeme wa upepo yamesimama juu ya kila mwamba, na wote wakinywa maji ya ziwa Singidani, maji ya chumvi yaliyogeuzwa matamu kiwandani. Sheria ya maji ilikuwa fupi. Kila kinachopita kwenye chujio lazima kiwe na jina Sajilini. Kikipita kisicho na jina, mabomba yanafungwa mpaka kipewe.

"Mgeni mmoja," Mpambanuzi alisema kwa sauti yake ile ya msoma taarifa ya habari. "Ana mkia. Anaogelea. Hana jina."

"Karibu mgeni," akajibu Kitundu, fundi wa maabara, mtu wa miaka hamsini na tano aliyekuwa na mazoea ya kujibizana na mashine kama shemeji zake. "Ukoo gani?"

"Jamaa wa karibu: Rajabu Athumani Msengi. Mkazi wa Unyankindi. Marehemu."

Kitundu alicheka. "Leo kalewa huyu. Daktari, umemnywesha nini?"

Salima hakucheka. Rajabu Athumani Msengi alikuwa mumewe, na alikuwa amezikwa miaka mitatu iliyopita.

"Rudia," alisema.

Mpambanuzi alirudia. Kitundu, ambaye kicheko kilikuwa kimemkauka, alibadilisha kikombe, akasafisha mrija kwa mvuke, akateka maji mengine kutoka bomba la jirani. Jina likawa lilelile. Akapiga simu tawi la Mandewa, upande wa pili wa jiji, akawaomba wasome maji yao. Baada ya robo saa wakampigia wakiwa na hasira. "Nyie, mashine yenu inatutajia majina ya watu!"

Saa sita mchana mabomba yote ya Singida yalifungwa.

*

Bwana Mpinga, mkuu wa bodi ya maji, hakuwa mtu wa maneno mengi. "Daktari, nina watu milioni mbili na akiba ya siku tatu. Nataka neno moja tu kwako. Ni mtu au si mtu?"

"Si swali la neno moja, Bwana Mpinga."

"Kama ni kidudu, kipe jina nifungue maji. Kama ni mtu, ziwa ni kaburi, na sheria haituruhusu kunywa kaburi. Nitahamisha jiji zima. Unanielewa? Nisomee mti wako unitajie tawi."

Tatizo lilikuwa hapo hapo kwenye mti. Salima aliwafundisha wanafunzi wake kwamba hakuna mahali popote katika nasaba palipo na ukuta. Mama humzaa mwana anayefanana naye, na mwana humzaa wake, kila hatua ni ndogo, lakini ukigeuka nyuma baada ya hatua elfu unamkuta babu usiyemjua. Mtaalamu huchora mstari apendapo, kisha hutetea alipouchora. Alikuwa amesema hivyo darasani mara nyingi na watu wakaandika kwenye madaftari. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja mstari utapita juu ya mtu aliyelala naye kitanda kimoja.

Alasiri walikwenda ziwani na Mpambanuzi mdogo wa kubeba begani. Maji yalikuwa yametulia, rangi ya majani mabichi. Kitundu aliteka chupa moja karibu na ukingo, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Daktari," alisema bila kuinua kichwa, "hawa hawaogelei."

"Wanafanya nini?"

"Njoo uone mwenyewe. Mimi sitaki kusema."

Salima aliinama. Kwenye tone lile kulikuwa na seli kama ishirini hivi, ndefu, zenye mistari, na hazikuwa na mkia. Zilikuwa zinakunjamana na kujinyoosha. Kila mtaalamu anajua kwamba seli ya moyo haihitaji moyo ili idunde. Uitoe, uiweke peke yake kwenye sahani, itaendelea kudunda kama kichaa anayejipigia ngoma. Ziweke mbili mbalimbali, kila moja ina mwendo wake. Zikigusana, zinapatana. Hizi ishirini zilikuwa zimegusana. Zilikuwa zinadunda pamoja: moja, mbili, tatu, kisha kimya kidogo, pigo moja limerukwa. Moja, mbili, tatu, kimya.

Salima alikuwa amelala miaka kumi na minne kichwa chake kikiwa juu ya mdundo ule.

Alikaa chini kwenye matope ya chumvi, na gauni lake la kazini.

"Kitundu," alisema, "nilimfanyia kitu. Hakunipa ruhusa."

*

Rajabu alikuwa fundi wa mapangaboi ya upepo, mtu wa kupanda juu na kuimba huko juu, mpaka moyo wake ulipoanza kuchoka. Madaktari walimpa miezi. Salima wakati huo alikuwa akichunguza kiumbe mmoja wa Singidani ambaye ziwa likikauka hujikunja, hukauka nalo, hukaa mavumbini hata miaka saba, na mvua ikirudi huamka na kwenda zake. Alikuwa ameipata siri ya uvumilivu huo, kipande kidogo cha maandishi ya urithi. Alimweleza mumewe kwamba angeweza kukipandikiza kwenye seli za moyo wake.

Rajabu alikataa. Alisema, "Mke wangu, mimi nimepanda juu vya kutosha. Siku ikifika niache nishuke."

Salima hakumwacha. Alikitia kwenye dripu asubuhi moja, mgonjwa akiwa amelala, na Rajabu akaishi miaka miwili zaidi, akapanda tena mapangaboi, akafa kwa kupasuka mshipa wa kichwa. Mpaka anakufa hakujua.

"Kwa hiyo moyo haukufa," Kitundu alisema.

"Haukujua namna ya kufa. Niliufuta ujuzi huo."

"Lakini si alizikwa? Ametokaje kaburini kuja huku?"

Salima alilitazama ziwa. "Hilo inabidi nimwulize mama mkwe."

*

Bi Siwema, mama yake Rajabu, alikuwa mwosha maiti. Kwa miaka arobaini alikuwa ameosha wanawake wa Unyankindi, na mikono yake ilikuwa mikavu na misafi kama vijiko vya mbao. Alimpokea mkwewe barazani, akamwekea mkeka, akasikiliza habari yote tangu mwanzo hadi mwisho, hata ile ya dripu, bila kumkatiza.

"Ulimtia dawa mwanangu akiwa usingizini," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Na alipokataa ulimsikia kwa masikio yako."

"Nilimsikia."

Bi Siwema aliunyoosha ukingo wa mkeka. Kisha akaanza kusema, taratibu, kama anayejisomea. "Na mimi nikuambie langu. Jiji lilitaka aoshewe kwenye nyumba yao ile ya mabomba, maji yachomwe kwa moto wa umeme. Nikasema hapana. Maji ya mwanangu hayachomwi kama takataka. Kaka zake walimwosha hapa nyumbani, nyuma ya jiko. Nilichimba ufuo kwa mkono wangu, kishimo cha kupokea maji, kama tulivyofanya siku zote. Na mshono wa hospitali ulikuwa kifuani, walipomfungua kukagua kilichomuua. Ulivuja damu kidogo. Wakaosha, ikaingia ufuoni. Usiku ule ule ikanyesha ile mvua ya Februari. Unaikumbuka? Asubuhi ufuo haukuwepo. Ulikuwa umegeuka mfereji mpaka ziwani."

Wanawake wawili hao walitazamana. Kila mmoja alikuwa na nusu yake.

"Sasa niambie," Bi Siwema akasema, "mimi nilimzika nani?"

"Ulimzika Rajabu, Mama."

"Na huko ziwani anadunda nani?"

Salima alikuwa na jibu la darasani. Alitaka kueleza kwamba kila mwili ni mkataba. Kwamba zamani za kale seli zilikuwa moja moja, kila moja ikijitafutia, zikakubaliana kuishi pamoja, hii iwe jicho, ile iwe ini, na kwamba kukubaliana huko kulikuwa ni pamoja na kufa pamoja. Alitaka kusema kwamba alichofanya yeye ni kuzitoa seli chache kwenye mkataba. Lakini alimtazama yule mama na maneno hayo yakawa mepesi.

"Hao wanaodunda ni yeye," alisema. "Hawajabadilika hata herufi moja. Wako vilevile kama siku niliyowatia dawa. Wanaoogelea sijui."

"Basi jua. Hao wanaodunda nitolee. Sitaki mwanangu azikwe nusu."

*

Siku ya pili Salima hakutoka maabara. Aliwasoma wanaoogelea mmoja mmoja, hata akafika elfu sita. Walikuwa wametokana na wale wanaodunda, hilo halikuwa na ubishi, lakini walikuwa wamepita vizazi mia tisa tangu ufuo. Walikuwa wamejikatia mistari ya misuli na kuigeuza kuwa mkia. Wamejifunza kula majani madogo ya ziwani. Na kitu kimoja zaidi: ndani ya kila mmoja palikuwa na kifuko kidogo cha kusukuma maji nje, kama walichonacho viumbe wengi wa maji baridi, ndiyo maana waliweza kupita kiwandani na kuishi kwenye bomba bila kuvimba na kupasuka. Kifuko kile nacho kilikuwa kinadunda. Salima alishika pumzi akahesabu. Kilidunda polepole, sawasawa, bila pengo. Ulikuwa mdundo wa kwao.

"Hapo ndipo utakapouchora mstari?" Kitundu aliuliza.

"Hapo. Mwenye kifuko si yeye. Asiye na kifuko ni yeye."

"Na yule wa kizazi cha katikati? Mwenye nusu kifuko?"

"Unataka nifanyeje, Kitundu?"

"Sitaki kitu, Daktari. Nauliza tu, maana mashine nayo itauliza."

Wale wa katikati hawakupatikana. Labda walikufa. Salima alishukuru, halafu akaona aibu kwa kushukuru.

Siku ya tatu alfajiri walikwenda kuwaita wanaodunda. Vifagio vya ziwani, zile mashine bapa zinazoelea na kuokota uchafu, viliwekwa duara mbele ya ukingo wa Unyankindi, na ndani ya kila kimoja Kitundu alifunga kipaza sauti. Hospitali ilikuwa na rekodi ya miaka miwili ya mapigo ya moyo wa Rajabu. Wakaicheza majini. Juu hapakusikika kitu. Ungeweka tu kiganja kwenye maji ungeuhisi mdundo. Moja, mbili, tatu, kimya.

Nusu saa hapakuwa na chochote. Kisha maji yakaanza kuwa na utando. Ulikuja kutoka pande zote, mwekundu wa kufifia, ukigandamana kadiri unavyokaribia, na ulipokuwa mzito wa kutosha ukaanza kukunjamana. Ziwa lote la mbele lilikuwa linavutwa na kuachiwa. Mawimbi madogo yalipiga kwenye kokoto mara tatu, yakaacha, yakapiga mara tatu. Watu waliokuja na ndoo kuchungulia kama maji yamefunguliwa waliziacha ndoo wakarudi nyuma mpaka barabarani. Mzee mmoja alivua kofia.

Vifagio viliusukuma mzigo ule hadi kwenye turubai. Ulikuwa wa ukubwa wa godoro la mtu mmoja, unateleza, rangi ya ini. Wanaume sita waliubeba hadi nyuma ya jiko la Bi Siwema, na mmoja wao, binamu yake Rajabu, alilia njia nzima kwa sababu aliuhisi ukidunda mikononi.

*

Safari hii ufuo ulijengwa kwa saruji, na chini yake pipa la chuma. Bi Siwema alikuwa ametayarisha kila kitu: maji ya mkunazi, maji matupu, maji ya kafuri, sanda, pamba, udi. Alikuja na kopo mkononi, akasimama juu ya kitanda cha kuoshea, akautazama ule mzigo. Ulidunda. Akalirudisha kopo kwenye ndoo.

"Anadunda," alisema.

"Ndiyo, Mama. Amezoea maji ya chumvi. Haya ni matamu. Yakimgusa, kila seli itavimba na kupasuka."

"Kwa hiyo ni haya maji ndiyo yatakayomuua."

"Ndiyo."

"Maiti huoshwa akiwa ameshakufa, Salima. Miaka arobaini mimi sijamwagia maji haya mtu aliye hai. Siwezi." Akaufunika ule mzigo kwa shuka, akaishika shuka pembe zake mbili kama inavyotakiwa, akageuza uso pembeni. "Mke anaruhusiwa kumwosha mumewe. Mwoshe wewe."

Salima alichota maji kwa kopo. Angeweza kusema bado, tusubiri, nimsome mara moja tena. Angeweza kumrudisha ziwani, akalitangaza ziwa kuwa mtu, na jiji lote likahama, naye akabaki peke yake ukingoni na mumewe akidunda mbele yake mpaka mwisho wa dunia. Kulikuwa na dakika moja alipotaka hivyo kweli. Kitundu, aliyesimama nje ya pazia, alisikia maji yakitikisika ndani ya kopo na hayamwagwi.

"Shuka, mume wangu," Salima akasema, kwa sauti ndogo. "Shuka sasa."

Akamimina upande wa kulia. Ingawa haukuwa na kulia wala kushoto, alichagua. Mkono wake mwingine ulipita chini ya shuka, na ulihisi zile seli zikikaza kwa pamoja, kisha upande ule ukalegea. Kopo la pili. La tatu. Maji ya mkunazi yalishuka ufuoni yakiwa na rangi. Moja, mbili, tatu. Alihamia kushoto. Moja, mbili. Maji ya kafuri. Moja.

Alibaki na kiganja pale, akisubiri, kama alivyokuwa akisubiri kitandani, maana baada ya kimya siku zote pigo lilirudi. Bi Siwema naye alisubiri, pembe za shuka mikononi. Nje mtu alikohoa.

"Ameshuka," Bi Siwema akasema.

Walimzika kabla ya adhuhuri, pembeni ya kaburi lake lingine.

*

Bwana Mpinga alipiga simu watu wakiwa bado wanakunja mikeka. Salima alimjibu mwenyewe. Alimwambia kwamba aliyekuwa mtu amezikwa. Wanaoogelea ni aina mpya, ina tawi lake, haina madhara kwa anayekunywa, na jina lake limeshaingia Sajilini. Hakuwapa jina la mumewe wala lake. Aliwaita waogeleaji wa Singidani, basi.

"Una uhakika, Daktari?"

"Mstari nimeuchora mimi, nami nitautetea."

"Sikuuliza hivyo."

"Najua ulichouliza," alisema, akakata simu.

Bi Siwema alikuja akakaa karibu naye. Akamvua hereni, moja, kisha nyingine, akazifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Ile eda uliyokaa miaka mitatu iliyopita ilikuwa bure," alisema. "Mumeo hakuwa amekufa. Ya kweli inaanza leo. Miezi minne na siku kumi, hapa kwangu, usitoke nje ya uzio."

"Sawa, Mama."

"Kuhusu maji usiwe na wasiwasi. Mimi ya bomba sinywi tena. Kuna kisima cha mvua kule kwenye miamba, nitakuwa nakuletea."

Wakati huohuo bomba la uani lilikohoa, likatema kutu, likaanza kutiririka. Mtaa mzima ulipiga makelele ya furaha. Mtu aligonga sufuria, na wanawake wakakimbia na ndoo zao. Bi Siwema aliitwaa ndoo yake, akaenda upande mwingine, kuelekea miambani.

"Usiniletee, Mama," Salima alimwita.

Bi Siwema aligeuka.

"Nimewaambia watu milioni mbili kwamba wale si yeye. Nikinywa ya kisimani, nitakuwa nimesema uongo."

Yule mama aliihamishia ndoo mkono mwingine, akaenda zake. Salima alikwenda bombani akakinga kikombe. Maji yalikuwa maangavu, baridi, hayana harufu. Alijua kuna wangapi ndani. Kwa kikombe cha ukubwa ule, elfu nne hivi, kila mmoja na mkia wake na kifuko chake. Alikuwa na siku mia moja na thelathini za kukaa ndani ya uzio ule, na bomba moja.

Alikunywa chote, akakinga kingine.